Inaita, Hapokei

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali na simu sikioni, unampigia mtu wa damu yako, inaita mpaka inakata yenyewe, basi mimi nakujua. Sikufahamu jina wala sura, lakini najua unavyobonyeza tena inapokata. Nimekaa hapo muda mrefu. Nimeona niyaandike yaliyonipata sasa, wakati naweza kumaliza ukurasa bila kusinzia.

Naitwa Zaina. Kwetu ni Kinole, juu milimani Uluguru, lakini nimeolewa Morogoro mjini na nyumba yetu iko Kihonda. Kazi yangu ni cherehani. Nilianza kwa kushona magauni, na mitumba ilipojaa sokoni watu wakaacha kushonesha, nikawa fundi wa kupunguza hiyohiyo mitumba. Mume wangu Hamisi alikuwa kiwandani mpaka kiwanda kilipouzwa wakarudishwa nyumbani, baadaye akapata udereva chuoni Mazimbu. Bima ya kazi yake ndiyo iliyoniweka hai. Nalisema mapema, asiyekuwa nayo asije akadhani nilikuwa na ujanja wowote.

Nilianza kwa kunenepa. Uso ulijaa, mashavu yakawa yanang'aa, na wateja wakaniambia, "Mama Salma, umependeza, Hamisi anakutunza." Nikacheka nao. Viatu ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kusema ukweli, vikakataa kuingia. Asubuhi kope zimevimba, jioni miguu, na nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Kila chakula kikawa na ladha ya chuma. Jirani akaniuliza kwa kunong'ona kama ni mimba. Hospitali ya kwanza wakasema presha, nikapewa vidonge. Ya pili wakapima damu na mkojo, kisha daktari akamwita Hamisi pembeni.

"Mgonjwa ni mimi," nikamwambia. "Niambie mimi."

Akasema figo zote mbili zimechoka. Neno alilotumia ni hilo, zimechoka, na mimi kwa ujinga wangu nikajiuliza zitapumzika kwa muda gani.

Wakati ule mashine za kusafisha damu hazijafika mjini kwetu. Nikahamia Dar es Salaam, Temeke, kwa dada yake Hamisi, nikawaacha watoto na cherehani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri, na mvua za vuli zilikuwa zinapiga bati mpaka huwezi kusikia jina lako likiitwa. Kila mtu alikuwa na mfuko wake: shuka, kanga, chupa ya chai ya mtu aliyemsindikiza. Sisi wagonjwa hatukuwa na chupa. Maji nilipimiwa kikombe kimoja kidogo, ndicho cha kutwa nzima, mimi niliyezaliwa mahali ambapo ukilala unasikia mto. Nilikuwa nanyonya vipande vya barafu nimefumba macho. Wifi yangu, kila aliposikia hatua zangu zinaelekea jikoni, alilificha jagi la maji chini ya meza. Hakuwahi kulisema wala mimi sikusema, na hadi leo namshukuru kwa jagi lile.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha Mwalimu Felista, mama wa Kilosa aliyestaafu kufundisha. Siku ya kwanza aliniona ninavyoikodolea macho ile mipira yenye damu yangu. "Usiitazame," akasema. "Nitazame mimi. Sivutii, lakini mimi siyo damu." Nikacheka nikiwa nimelala na sindano mbili mkononi. Ndivyo tulivyofahamiana.

Masika yalipokuwa yanaisha daktari akaniita ofisini. Akasema njia ya kutoka kwenye mashine ni kuwekewa figo ya mtu mwingine, na anayefaa zaidi ni ndugu wa tumbo moja. Mama yetu alizaa watoto wengi, tukabaki wawili, mimi na mdogo wangu Shomari. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Watoto wangu wana baba yao, lakini likija la kuozesha au la kuzika anayeitwa kwanza ni mjomba. Shomari ndiye mjomba. Nilimbeba mgongoni tukienda mtoni, nikamfundisha kuandika jina lake kwenye vumbi la uwanja.

Sikumpigia kumwomba. Nilimpigia kumpa habari, na kabla sijamaliza akanikatiza.

"Dada, mimi ninazo mbili. Chukua moja."

"Shomari, hili siyo jembe la kuazimana."

"Nimeshasema. Mlima nitaupanda na hiyo itakayobaki."

Akaja Dar. Akapimwa damu, ikaendana na yangu, akapimwa vingine, vikaendana. Aliingia hadi kwenye mashine akanisimamia, akamsalimia Mwalimu Felista shikamoo, akamwambia kwamba dada yake huyu alikuwa akimchapa utotoni na sasa yeye amekuja kumlipa kwa figo. Mwalimu alicheka mpaka nesi akamkataza. Alipotoka, Mwalimu akaniambia polepole, "Una ndugu, wewe. Mimi wangu walikuja wakanipa pole." Shomari akarudi Kinole kuvuna karafuu, akisubiri aitwe kwa vipimo vya mwisho.

Tarehe ya vipimo ilitolewa wakati wa kipupwe. Nikampigia palepale, kwenye korido, daktari hajafunga mlango. Ikaita mpaka ikakata. Nikasema yuko shambani. Nikapiga jioni, ikaita, hapokei. Kesho yake hivyohivyo. Nilimpigia nikiwa foleni ya dawa, nilimpigia nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya kuogea kwa sababu kusimama sikuweza. Nilimpigia nikiwa kwenye mashine, mkono mmoja umefungwa, nabonyeza kwa dole gumba la mkono mwingine. Mama alikuwa na simu yake ndogo ya tochi na yeye alipokea kila mara. "Mzima, yuko shamba. Nitamwambia." Sauti yake ilikuwa fupi, kama ya mtu aliyeacha kitu jikoni.

Binti yangu Salma alikuwa amekuja likizo kunitazama. Aliniona ninavyoiangalia simu, akakaa kitandani pangu.

"Mama, hajazima. Angezima, ungesikia namba haipatikani. Hii inaita kwako, kwake hailii. Kioo kinawaka tu. Kuna mahali wanabonyeza, pameandikwa Usinisumbue."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayesumbua?"

"Inazuia watu wote, mama. Lakini ukipiga mara mbili harakaharaka, kuna simu ambazo ile ya pili inapenya."

Nikapiga mara mbili harakaharaka. Nikajifunza kukata na kupiga bila kuvuta pumzi katikati. Haikupenya. Simu inayolia, unaweza kusema hakusikia. Hii niliiona kwenye akili yangu ikiwaka kimya mbele ya macho yake, na jina langu juu yake.

Hamisi akija Jumamosi alikuwa hakai chini. "Nampandia huko huko Kinole, namleta kwa kola."

"Figo haikamatwi kwa kola, Baba Salma."

"Basi aseme! Mwanaume mzima anajificha kwenye simu!"

Tukagombana, wifi akatoka nje kutuachia sebule. Miaka yote ya ndoa hatukuwahi kuinuliana sauti nyumbani kwa watu. Yeye alikuwa na presha na sukari, walishamkataa mapema kuwa mtoaji, na nadhani nusu ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe. Kwenye mashine nesi mmoja aligundua kwamba presha yangu inashuka kila ninaposhika simu. Hakunigombeza. Aliichukua taratibu, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake, akasema, "Akipiga nitakukimbilia." Akawa anafanya hivyo kila zamu yake. Sijui kama alijua amenipa nini. Yale masaa nilikuwa nalala.

Tarehe ya vipimo ikapita. Hospitali wakasema wataweka nyingine mtoaji akiwa tayari.

Halafu Ijumaa moja nikamkuta mwanamume nisiyemjua kwenye kitanda cha Mwalimu Felista. Nilidhani wamemhamisha. Nikauliza, nesi akanishika bega tu. Nilikaa kwenye kiti changu nikatafuta mtu wa kumwambia, mtu aliyemwona Mwalimu akicheka. Hamisi hakuwahi kukutana naye. Salma alikuwa amesharudi shule. Aliyemwona ni Shomari. Nikampigia, na Mungu ni shahidi, siku ile sikuwa nataka figo. Nilitaka nimwambie yule mama uliyemsalimia amefariki. Ikaita, ikaita, hapokei. Hapo ndipo nilipolia, na kilio kile sikumaliza siku hiyo.

Nikamwambia Hamisi anipeleke Kinole.

Tuliondoka Jumamosi, siku isiyo ya mashine, tukalala Kihonda, asubuhi tukakodi gari mpaka nyumbani. Wingu lilikuwa limekaa kwenye migomba, na mbele ya nyumba walikuwa wameanika mdalasini juu ya jamvi. Mama alikuwa mlangoni. Hakushangaa kuniona. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama anayekagua chungu kama kina ufa, akasema, "Umekwisha, mwanangu." Nilikuwa nimekonda kwa wakati ule, na ngozi imekuwa nyeusi ya jivu.

Shomari alitokea upande wa shamba na panga mkononi. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Hakusogea. Simu yake ilikuwa dirishani, naiona. Nikatoa yangu, nikampigia pale pale, tukiwa tunatazamana. Kioo kikawaka. Dada, kikasema. Hakuna mlio, hakuna mtetemo. Tuliitazama sote, Hamisi naye, mpaka ikazimika.

"Kila ulipopiga niliona," Shomari akasema. "Sikuwa naikimbia. Nilikuwa naishika mkononi mpaka ikate. Mwanzoni kila iliponguruma mwili ulikuwa unanikatika, ndiyo nikaitoa mlio."

"Ungeniambia tu hapana."

"Kwa mdomo gani, dada? Hapana nikuambie wewe?"

"Unaogopa?"

Aliyejibu ni mama, nyuma yangu.

"Mwacheni. Nimemkataza mimi."

Hamisi akataka kusema, nikamzuia kwa mkono.

"Nimezika wenzenu wote," mama akasema. "Huyo daktari anataka kuwalaza wote wawili siku moja, awapasue. Mkifa pamoja mimi nabaki na nani?"

"Na nikifa mimi peke yangu, mama?"

"Nimewazaa kwa uchungu uleule," akasema. "Usiniulize swali hilo, Zaina. Niulize lingine lolote." Akaingia ndani.

Hatukukaa. Tulipokuwa tunapanda gari mama akatoka na mkungu wa ndizi, akauweka mwenyewe kiti cha nyuma. Ndizi nilikatazwa tangu mwanzo, pamoja na machungwa na mchicha na karibu kila kinachoota kwetu. Nikasema ahsante mama. Kihonda majirani waliugawana.

Tulipofika barabara ya lami nikamwambia Hamisi, "Usimchukie mama." Akasema, "Simchukii. Siwezi tu kumtazama." Nami niliona ni haki yake.

Nina neno kwa wewe usiye mgonjwa, ambaye umeombwa. Unaruhusiwa kukataa. Mwili ni wako, na hofu yako siyo dhambi. Lakini sema. Neno hapana ningelilia, kisha ningeosha uso nikatafuta njia nyingine. Simu inayoita bila kupokelewa ilinifanya niendelee kutumaini, na tumaini lile lilinidhoofisha kuliko figo.

Nilirudi kwenye mashine. Vuli nyingine ikaja. Salma alipomaliza kidato cha sita alifika Temeke na begi lake, hajavua hata viatu, akasema, "Mama, nimesoma. Mtoto naye anaweza kutoa. Nipimeni mimi."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Hujaolewa, hujazaa, hujaanza hata kuishi. Nikikupoteza wewe, mimi nabaki na nani?"

Nilisikia maneno yangu yakitoka, nikakaa chini. Salma alidhani nimezidiwa, akanitafutia feni. Niliomba niachwe kidogo peke yangu. Nilikuwa namsikia mama. Mpaka siku ile nilikuwa nikisimulia kwamba mama alinichagulia kufa. Tangu siku ile sijaweza kusema hivyo tena, ingawa maumivu yenyewe hayakuondoka.

Mashine zikafika Morogoro. Niliposikia sikuamini mpaka nilipolala kwenye kitanda chenyewe, na nikitazama dirishani naona mlima. Nikarudi nyumbani kwangu, kwa mume wangu na cherehani yangu. Siku zisizo za mashine nashona kidogo: kupunguza kiuno, kubadilisha zipu. Mwili umejifunza. Najua nikila nini nitahema, najua uchovu wa Jumatatu unatofautianaje na wa Ijumaa. Nesi akichoma sindano siangalii pembeni tena. Hii ndiyo ninayoita nafuu, na sikudanganyi kwamba ni kupona.

Mama alifariki masika yaliyofuata. Aliugua siku chache, kifua, na barabara ya kushuka ilikuwa tope tupu. Rehema, mke wa Shomari, alimpigia Hamisi asubuhi nikiwa kwenye mashine. Hamisi alisimama nje mpaka nilipochomolewa sindano, ndipo akaingia. Nilimwona miguu tu nikajua. Tulipofika Kinole walikuwa wameshatoka makaburini. Niliwakuta wanaume wananawa mikono. Shomari alinitazama, nikamtazama, tukapeana mkono kama watu waliokutana msibani, na ndivyo tulivyokuwa.

Baada ya arobaini, jioni moja, akabisha hodi Kihonda. Alikuja peke yake, amevaa koti la marehemu baba. Alisalimia, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Hamisi akamkaribisha, akaaga anakwenda msikitini ingawa adhana ilikuwa bado.

"Dada," Shomari akasema. "Aliyenikataza hayupo tena. Twende Dar nikapimwe upya."

Nilikuwa nimeota maneno hayo mara nyingi, na katika ndoto zote nilikuwa naruka. Sasa nilibaki nimekaa. Nilimtazama. Mvi zimemwingia kando ya masikio. Miguu yake ilikuwa haitulii, kisigino kinagonga sakafu. Alikuwa anaogopa kama siku ile, na amekuja hivyohivyo.

"Hapana, Shomari."

"Kwa sababu ya mama?"

"Kwa sababu yangu. Nikikubali, nitaanza tena kusubiri. Wakitoa tarehe nitakaa na simu. Sina tena nguvu za kukusubiri wewe."

Akainama. Akalia. Mimi sikunyanyuka kumbembeleza, ila sikumwacha peke yake pia. Nilibaki hapohapo kwenye kiti changu mpaka akajifuta uso na mkono wa koti.

"Hujanisamehe," akasema.

Ningeweza kusema nimekusamehe. Ni neno rahisi, na lingemfanya alale.

"Bado," nikamwambia. "Lakini usiondoke."

Hakuondoka. Tulikula, Hamisi akarudi, wakazungumza habari za karafuu na mvua. Alilala sebuleni. Asubuhi ilikuwa siku yangu ya mashine. Nilipotoka na mfuko wangu nikamkuta ameshavaa viatu. Hakuuliza kama aje. Tulikwenda wote, akakaa kwenye benchi la nje pamoja na wanaosubiri wagonjwa wao, nami nikaingia.

Nilipotoka jua lilikuwa juu kabisa. Benchi lilikuwa limebaki na watu wachache, yeye yupo palepale, kofia mapajani. Mtu akitoka kwenye mashine huwa miguu ni ya kuazima, na nadhani hakuwa amewahi kuniona hivyo. Alinyanyuka haraka, akanyoosha mikono, kisha akaisimamisha hewani, hajui anishike wapi. Mkono wa kushoto ndio wa sindano, haushikwi.

Nikampa wa kulia.